Sotoka, nyumbu na mizani ya Serengeti

Ndugu msomaji, mazungumzo ya juma hili yalitokana na barua fupi ya msikilizaji mmoja. Aliuliza hivi: kama nyumbu wanazaa kila mwaka, na simba nao wanazaa, ni nani anayewazuia nyumbu wasijae mpaka wakaimaliza nchi, na ni nani anayewazuia simba wasiwamalize nyumbu? Niliisoma barua ile mara mbili. Ni swali zuri, tena si la kitoto hata kidogo.

Wengi wetu tungemjibu haraka haraka kwa yale tuliyofundishwa shuleni. Mwalimu alichora majani ubaoni, juu ya majani akachora swala, juu ya swala akachora simba, kisha akaunganisha kwa mishale. Swala wakizidi, simba nao huzidi na kuwapunguza. Swala wakipungua, simba hufa njaa. Basi mizani ikakaa sawa, kengele ikalia, tukatoka kwenda kucheza. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu, na kwa upande wa Serengeti ni nusu ile ndogo.

Nusu iliyo kubwa inaanzia mbali sana na Serengeti, katika bandari ya Massawa kwenye Bahari ya Shamu. Wanahistoria wengi hutaja mwaka 1887, wakati Waitalia walipokuwa wakijipenyeza katika nchi ambayo leo ni Eritrea. Ng'ombe walioletwa kwa meli kwa ajili ya majeshi yao walishuka na ugonjwa ambao ng'ombe wa kusini mwa Sahara hawakuwa na kinga nao. Ugonjwa huo ni sotoka. Mnyama alipata homa kali, vidonda mdomoni na kuhara, na kwa muda wa siku chache tu aghalabu alikuwa amekufa. Sotoka haikumgusa binadamu mwilini mwake. Ilimgusa katika zizi lake, na kwa mfugaji hilo halina tofauti kubwa.

Ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa kutisha. Ethiopia ilipoteza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wake, wakiwamo maksai wa kulimia, na njaa ya miaka ya 1888 hadi 1892 ikawa kubwa kuliko zote zinazokumbukwa huko. Kufika mwaka 1890 na 1891 sotoka ilikwisha ingia Umasaini na nchi za maziwa makuu. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na mwaka uliofuata ilikuwa imefika Rasi ya Tumaini Jema. Katika mazizi mengi ilipopita, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Nyuma yake zikafuata njaa na ndui. Wamasai waliuita wakati huo Emutai, yaani wakati wa kuangamia. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann, raia wa Austria aliyefanya kazi kwa ajili ya Wajerumani, alipopita Ngorongoro alikuta Wamasai waliokonda mifupa mitupu wakizungukazunguka kambi yake kutafuta chochote cha kutia kinywani.

Tunaposimulia habari za sotoka kwa kawaida tunaishia hapo, kwa watu na ng'ombe. Lakini sotoka haikuchagua kati ya mnyama mwenye mwenyewe na asiye na mwenyewe. Nyati walikufa kwa makundi. Nyumbu, pofu, twiga, tandala na hata ngiri nao walikumbwa. Walionusurika ni wale ambao maumbile yao ni ya namna nyingine: pundamilia, faru, tembo. Tulikumbuke jina la pundamilia, maana tutamhitaji baadaye kama shahidi. Simba nao, wakikosa nyati na nyumbu, walitafuta chakula kwingine. Wako wachunguzi wanaosema kwamba hata wale simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, walisukumwa kwa sehemu na upungufu huo wa mawindo.

Sasa fikiria nchi iliyopoteza ng'ombe wake, nyati wake, nyumbu wake na watu wake wengi kwa muda wa miaka michache. Majani hayakuwa na wa kuyala. Vichaka vilipanda mahali palipokuwa malisho, kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe wa kuvizuia wala watu wa kuvikata. Katika vichaka akaingia mbung'o, na pamoja naye nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, na hapo wafugaji waliosalia hawakuweza kurudi tena. Wazungu wengi waliofika kuanzia hapo waliikuta nchi katika hali hiyo. Wao walidhani wanaiona Afrika kama ilivyoumbwa, pori tupu lisilopata kuguswa. Kumbe walikuwa wanatazama nyumba iliyotoka msibani.

Nalisema hili kwa sababu dhana hiyo ilikuja kuzaa mambo mazito. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari kama ya pundamilia. Walipata nyumbu wapatao 100,000. Januari 1959 Michael alikufa ndege hiyo ilipogongana na tai na kuanguka, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hofu kubwa ya wakati huo ilikuwa kwamba wanyama wanakwisha, na lawama nyingi zilielekezwa kwa mfugaji na ng'ombe wake. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishwa. Mjadala wa nani akae wapi katika nchi ile haujakwisha mpaka leo.

Wakati huo huo, jambo jingine lilikuwa linatendeka pasipo makelele. Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuwa salama na rahisi kuzalishwa kwa wingi. Kabla yake zilikuwapo chanjo nyingine, na kampeni za kuwachanja ng'ombe katika nchi zinazoizunguka Serengeti zilikwisha anza katika miaka ya 1950. Wachanjaji walikwenda boma hadi boma, zizi hadi zizi. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Ni nani angeweza kumkamata?

Kabla ya hapo maofisa wengi wa mifugo waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la sotoka, na kwamba ng'ombe huambukizwa na nyumbu na nyati. Ikadhihirika kwamba mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe walipopata kinga, mnamo mwaka 1963 sotoka ilitoweka pia miongoni mwa nyumbu na nyati wa Serengeti. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukiishi zizini, na kutoka zizini ukitoka kwenda porini. Kwa miaka zaidi ya sabini ulikuwa ukiwaua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Ndama alizaliwa na kinga aliyoipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo ilipokwisha baada ya miezi kadhaa, sotoka ilimkuta hana silaha, na wachache tu ndio waliofikia umri wa kuzaa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Hesabu ya mwaka 1961 ilikuwa imeonyesha nyumbu kiasi cha 250,000. Kufika mwaka 1977 walikuwa wamefika kiasi cha 1,300,000, yaani mara tano katika miaka kumi na sita. Nyati nao waliongezeka maradufu na zaidi. Simba na fisi walikuwapo muda wote huo, wala hawakuweza kulizuia ongezeko hilo. Je, pengine ilikuwa ni mvua tu? Ni kweli kwamba mvua za kiangazi zilikuwa nzuri katika miaka ya mwanzo ya 1970, nazo zilisaidia. Lakini hapo ndipo tunapomwita shahidi wetu pundamilia. Pundamilia anakula majani yale yale, anahama njia ile ile na kuwindwa na simba wale wale. Tofauti yake ni kwamba yeye haugui sotoka. Naye, katika miaka hiyo yote, hakuongezeka. Alibaki kiasi cha 200,000. Basi kilichokuwa kimewafunga nyumbu ni ugonjwa wa ng'ombe.

Tukubaliane hapo, halafu tuulize swali la pili. Kama sotoka imeondoka, kwa nini nyumbu hawakuendelea kuongezeka wakawa milioni tatu, milioni kumi? Maana waliacha kuongezeka, na kwa miongo kadhaa hesabu za ndege zilizunguka pale pale, penye milioni moja na ushee.

Jibu lilitafutwa na watafiti kwa njia ambayo wengine wangeiona si ya kistaarabu sana. Walikwenda kwa mizoga. Mtanzania Simon Mduma, akifanya kazi pamoja na Anthony Sinclair, mtaalamu aliyeifuatilia Serengeti tangu miaka ya 1960, alichunguza nyumbu waliokufa na kupasua mifupa ya miguu yao ili kutazama uboho. Mnyama anapokosa chakula, huanza kutumia mafuta ya mgongoni, kisha ya tumboni, na mwisho kabisa yale ya ndani ya mfupa. Mnyama aliyeshiba, uboho wake ni mweupe na mgumu. Aliyefikia mwisho wa akiba yake, uboho wake ni kama uteute unaopenyeka kwa mwanga. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba nyumbu wengi walikufa kwa utapiamlo, katika miezi ya kiangazi. Hata wengi wa wale walioliwa na simba walikuwa tayari wamekwisha nguvu.

Kwa hiyo kizuizi cha nyumbu ni majani mabichi ya kiangazi. Nyumbu wanapokuwa wachache, kila mmoja anapata sehemu ya kutosha. Wanapokuwa wengi, sehemu ya kila mmoja hupungua, wadhaifu hufa, na idadi hurudi nyuma. Mwaka 1993 ulipotokea ukame mkali, nyumbu walishuka chini ya milioni moja, kisha mvua ziliporudi nao wakarudi polepole.

Na simba je? Kuna mabasi ya abiria yanayotoka Musoma kwenda Arusha kwa kupita katikati ya hifadhi, na mtu akitaka kusikia ubishi wa bure kuhusu simba, basi mojawapo la hayo linamtosha. Safari moja nilikaa karibu na mzee aliyesisitiza kwamba simba ana haya, anachukua cha kumtosha na kuwaachia wengine. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Mzee wangu, simba hana haya, ana watoto." Abiria wakacheka, lakini kijana yule alikuwa amegusa penyewe. Nyumbu husafiri mwaka mzima kuyafuata majani na maji. Simba ana eneo lake na watoto wasioweza mwendo huo. Nyumbu wakipita kwake anashiba, wakiondoka anabaki na walio wachache: ngiri, nyamera, nyati mmoja mmoja. Idadi ya simba inaamuliwa na miezi ile ya njaa, haiamuliwi na miezi ya karamu. Tena nyumbu wanazaa kwa pamoja, ndama wengi kabisa wakizaliwa katika muda wa majuma matatu hivi mwanzoni mwa mwaka. Simba na fisi hula mpaka wakashindwa, na ndama wengine kwa maelfu wanakuwa wamekwisha pata mbio.

Msije mkanielewa vibaya kwamba simba hana kazi. Kwa wanyama wadogo wasiohama, mambo ni tofauti kabisa. Kati ya mwaka 1980 na 1987, kaskazini mwa Serengeti, ujangili na sumu viliwapunguza sana simba, fisi na wenzao. Watafiti waligundua kwamba wanyama wadogo, kama swala na nyamera, waliongezeka katika miaka hiyo, kisha wakapungua tena wala nyama waliporudi. Twiga hawakubadilika. Basi mchoro wa mwalimu wetu ulikuwa sahihi kwa mnyama mdogo, na ukakosea kwa mnyama mkubwa na kwa mnyama anayehama. Mizani ya porini haina jiwe moja la kupimia wote.

Ongezeko la nyumbu likaleta mengine ambayo hakuna aliyeyatazamia. Nyumbu milioni moja hula majani mengi, na majani yakiliwa hayabaki makavu ya kuungua. Moto wa kiangazi uliokuwa ukipita kila mwaka ukapungua. Moto ulipopungua, miche ya miti ikaponea, na sehemu nyingi zilizokuwa uwanda zikaanza kuota miti tena. Hebu tafakari, msomaji: sindano aliyodungwa ng'ombe katika boma la mfugaji ikaishia kuotesha miti ndani ya hifadhi ambayo mfugaji huyo haruhusiwi kuingia.

Mwaka 1994 mlango ule ule ulifunguka kwa upande mwingine. Ugonjwa wa virusi wa mbwa uliwaingia simba wa Serengeti, ukaua kiasi cha theluthi moja yao. Wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi, na baadaye zikaanzishwa kampeni za kuwachanja mbwa hao. Kwa mara nyingine tena, afya ya mnyama wa porini iliamuliwa uani kwa mwanakijiji.

Je, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa mjini, tunaonunua gazeti hili asubuhi kwenye kituo cha basi? Yanatuhusu kwa sababu maamuzi ya siku hizi kuhusu wanyama hao hufanywa mijini. Nyumbu wanaishi kwa kuhama. Mkate ujazao meza zetu unaweza kuwaua kwa wingi kuliko simba. Katika nyanda za Loita, wilayani Narok nchini Kenya, malisho ya nyumbu wa msimu wa mvua yaligeuzwa mashamba ya ngano. Nyumbu wa upande ule, waliokuwa wapata 119,000 mwaka 1977, walibaki kiasi cha 22,000 mwaka 1997. Hawakupigwa risasi. Walinyang'anywa malisho. Huko Botswana, katika miaka ya 1980, nyumbu wa Kalahari walipokuwa wakitafuta maji wakati wa ukame walikutana na nyua zilizojengwa kuzuia magonjwa ya mifugo, wakafa kwa maelfu kando ya waya.

Hapa kwetu, mpango wa kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ulifikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 mahakama hiyo ikaamua kwamba barabara ya namna hiyo ingekuwa kinyume cha sheria. Wako wananchi wa upande wa ziwa waliosikitika, na siwalaumu, maana mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mbali hali ukubwa wa hifadhi. Halikadhalika kuna Mto Mara, ambao ndio maji ya uhakika ya nyumbu wakati wa kiangazi. Chanzo chake ni msitu wa Mau nchini Kenya, na kila mti unaokatwa huko ni hesabu inayokuja kulipwa huku. Na ujangili wa kitoweo bado unachukua makumi ya maelfu ya nyumbu kwa mwaka, kwa makisio ya watafiti.

Hesabu zenyewe zina kazi. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti walitoa idadi iliyo chini ya nyumbu 600,000, kiasi cha nusu ya ile tuliyoizoea. Wao wenyewe walitahadharisha kwamba hiyo pekee haithibitishi kuwa nyumbu wamekufa hivi karibuni, kwa kuwa njia ya kuhesabu ni nyingine. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuhesabu tena, na kuhesabu vizuri.

Sotoka yenyewe sasa haipo. Mara ya mwisho ilithibitishwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la chakula na kilimo, pamoja na shirika la afya ya wanyama duniani, walitangaza kwamba imefutika duniani kote. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Wafugaji waliokubali kupanga ng'ombe wao foleni wachanjwe, mwaka baada ya mwaka, ndio walioifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Basi nimjibu msikilizaji wangu. Nyumbu wanazuiwa na majani ya kiangazi, na simba wanazuiwa na miezi ambayo nyumbu hawapo. Swala mdogo anazuiwa na simba. Na wote pamoja wanategemea yanayotendeka nje ya mpaka wa hifadhi: zizini, shambani, msituni Mau, na mezani kwa watu wenye mihuri. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Serengeti tunayoionyesha wageni kama kazi ya maumbile peke yake, imeundwa pia na meli moja ya ng'ombe wagonjwa, na imeundwa upya na sindano. Kwa kuwa mkono wa binadamu umo tayari katika mizani ile, haifai kujifanya haumo. Linalotupasa ni kujua unabonyeza upande gani.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.